Alinikuta Nikimfokea Mwanangu, na Sasa Namkwepa

Bwana Yesu asifiwe, Mama.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, na nimeokoka tangu nikiwa msichana. Mwaka jana binti mmoja wa kanisani kwetu, mwenye miaka 23, alinifuata baada ya ibada akaniomba nimlee kiroho. Katika familia yao ndiye pekee aliyeokoka, na wokovu wake haujafikisha hata miaka miwili. Aliniambia, "Mama, nakuangalia unavyoishi, nami nataka kuishi hivyo." Nilikubali. Nilifurahi, nikaogopa pia.

Tulianza na kijitabu cha masomo kama kile nilichofundishwa mimi nilipookoka. Kila Jumamosi jioni tunakaa saa moja na nusu. Tumemaliza masomo 12 kati ya 16. Majibu yake ni sahihi kila mara, na aya anazikariri upesi kuliko mimi. Lakini nikimuuliza anaendeleaje, jibu ni lile lile: "Mungu ni mwema, Mama." Tunafungua ukurasa, tunaendelea. Kusema kweli, akiniuliza mimi namjibu hivyo hivyo.

Kuna jambo jingine lililoanza kunisumbua. Anaomba kwa maneno yangu, hata ninavyokohoa kabla ya kuanza naye anakohoa. Alipopata nafasi ya kazi mpya alinipigia kuniuliza akubali au akatae. Nikasema akubali, na siku hiyo hiyo akakubali. Sasa kuna kijana anayetaka kumwoa, naye ananiuliza kama Mungu amenionyesha chochote juu ya kijana huyo. Sijui nimjibu nini.

Nakuja kwenye kilichonifanya niandike. Wiki tatu zilizopita, Jumatano usiku, alikuja nyumbani bila kunijulisha. Mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa nimesimama sebuleni namfokea mwanangu wa miaka 15, na maneno niliyomwambia sipendi hata kuyaandika. Nilimwambia hafai kitu na kwamba ananitia aibu. Nilipogeuka, binti alikuwa amesimama mlangoni. Aliniamkia kwa sauti ya chini, akasema atarudi siku nyingine, akaondoka.

Tangu siku hiyo hatujakaa pamoja. Jumamosi ya kwanza nilimwandikia kwamba nimepata dharura, na haikuwa kweli. Ya pili na ya tatu nikatafuta sababu nyingine. Juzi ameniandikia: "Mama, kuna jambo nahitaji kukuambia, si la kwenye simu." Nikamjibu kwamba namwombea na tutapanga.

Mama, naona nimepoteza haki ya kumfundisha mtu. Je, nimkabidhi kwa mke wa mchungaji, ambaye ana hekima kuliko mimi? Au nimalizie tu masomo manne yaliyobaki kama vile hakuna kilichotokea, halafu tuachane kwa amani?

Mama niliyeaibika

*

Amina, mwanangu.

Nitaanza na kijana wako, kwa sababu tangu binti aliposimama mlangoni barua yako haikumtaja tena. Umenieleza aibu yako, umenieleza binti alivyoondoka, na Jumamosi tatu zilizopita. Yule aliyeambiwa kwamba hafai kitu yuko wapi? Wiki tatu ni nyingi sana kwa mtoto wa miaka 15 kulala na neno hilo. Kama bado hujamwendea, iweke barua hii chini umwendee kwanza, kisha urudi uendelee kusoma.

Unapomwendea, usimwombe msamaha wenye "lakini" ndani yake. "Nisamehe, lakini nawe ulinichokoza" ni mashtaka yaliyovikwa nguo nzuri. Yataje maneno yenyewe uliyoyasema, umwambie hayakuwa kweli, umwambie ulimkosea yeye na ulimkosea Mungu. Kosa lake, kama lilikuwepo, litazungumzwa siku nyingine. Huenda asijibu kitu. Huenda akainua mabega tu na kuondoka. Mwache, maana hukwenda kudai jibu. Huyu ndiye mwanafunzi wako wa karibu kuliko wote, naye hakukuomba umlee kiroho baada ya ibada. Alizaliwa akakukuta.

Sasa tuje kwa binti.

Unasema umepoteza haki ya kufundisha. Nakuomba uifungue Biblia yako kwenye Matendo ya Mitume, mwisho wa sura ya 15, usome bila kusimama mpaka mwanzo wa sura ya 16. Tumezoea kuzisoma kama habari mbili kwa sababu ya namba iliyowekwa katikati. Mwisho wa sura ya 15 Paulo na Barnaba wanagombana. Barnaba anataka wamchukue Marko safarini, Paulo hataki, kwa kuwa Marko aliwaacha njiani safari iliyotangulia. Ugomvi unakuwa mkali hata watumishi hao wawili wanatengana, kila mmoja na njia yake. Na huyu Barnaba ndiye aliyemshika Paulo mkono wakati wanafunzi wote walipomwogopa, akampeleka kwa mitume na kumtetea. Halafu tu, Paulo anafika Derbe na Listra, na huko anamkuta kijana aitwaye Timotheo, anamchukua afuatane naye.

Yaani Timotheo alipokelewa na mlezi aliyetoka kwenye ugomvi ambao majeraha yake yalikuwa hayajapona. Sidhani kama ilifichika kwake. Watu wangemuuliza Paulo kila walikopita: Barnaba yuko wapi?

Kisha ruka miaka mingi mbele. Paulo yuko kifungoni na anajua kwamba mwisho wake umekaribia. Anamwandikia Timotheo yule yule, na katika sura ya 4 ya waraka wa pili, aya ya 11, anamwagiza hivi: "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi." Ni Marko yule aliyekataliwa. Na anayetumwa kumleta ni mwanafunzi aliyeingia safarini mara tu baada ya Marko kukataliwa. Nikiisoma aya hiyo nasimama kila mara. Paulo angeweza kumtuma mtu mwingine, au kumaliza jambo hilo kimya kimya. Alimwachia Timotheo aione hukumu yake ya zamani ikibadilika.

Binti yako ameona nusu ya kwanza, mwanangu, na wewe unataka kumwondoa kabla hajaona nusu ya pili. Ukimkabidhi kwa mke wa mchungaji sasa hivi, atakachojifunza ni kwamba Mkristo aliyekomaa akionekana dhambi yake hujificha. Hilo atalishika kuliko masomo yote 12, na siku atakapoanguka yeye, atakufuata kwa kujificha kama anavyokufuata kwa kukohoa.

Na nadhani kujificha alishaanza kujifunza zamani. Lile jibu la "Mungu ni mwema, Mama" halikunishangaza hata kidogo, maana umesema mwenyewe kwamba nawe humjibu hivyo. Ni neno la kweli, Mungu ni mwema. Lakini mkilitumia kama pazia, mnaweza kukaa pamoja mwaka mzima bila yeyote kumwona mwenzake. Amekuja kwako kwa sababu alitaka kuona unavyoishi. Alisema hivyo kwa kinywa chake. Wewe ukampa kijitabu. Sikilaumu kijitabu, nami nimevitumia vingi, na mtu aliyeokoka juzi anahitaji misingi ya Neno iliyopangwa vizuri. Ila angalia Injili ya Marko inavyoeleza kuitwa kwa wale kumi na wawili katika sura ya 3: Yesu aliwaweka "wapate kuwa pamoja naye", na ndipo linafuata lile la kuwatuma wahubiri. Walikuwa naye mezani, chomboni kwenye dhoruba, kwenye msiba wa nyumba ya Lazaro, na Gethsemane alipokuwa na huzuni akawaambia waziwazi kwamba ana huzuni. Na Paulo anapomkumbusha Timotheo alichokipata kwake, katika 2 Timotheo 3, anaanza na mafundisho, kisha anaorodhesha mwenendo, makusudi, imani, uvumilivu, upendo, saburi, mateso. Hayo mengi huwezi kuyapata kwa saa moja na nusu ya Jumamosi.

Wamethodisti wa kwanza waliligundua jambo hili bila kulipangia. Mwaka 1742 kule Bristol, Uingereza, walikuwa na deni la jengo lao la ibada. Mmoja wao akashauri kila mtu atoe peni moja kwa wiki, na wagawanywe katika makundi ya watu wapatao 12, kila kundi na kiongozi wa kukusanya fedha hizo. Viongozi wakaanza kupita kwa watu wao kila wiki. Walipofika majumbani wakaona mambo ambayo kanisani hayakuonekana: huyu anaishi vibaya na mkewe, yule amerudia ulevi. Wakamletea kiongozi wao, John Wesley, habari hizo, naye akatambua kwamba hapo ndipo ulezi wa roho ulipokuwa ukikosekana. Baadaye waliacha kupita nyumba kwa nyumba wakaanza kukutana kundi zima pamoja, na makundi hayo yakadumu baada ya habari ya deni kuisha. Nakuambia haya kwa sababu binti amekwishafika mlangoni kwako bila mpango wowote. Usimrudishe kwenye Jumamosi peke yake.

Nami nina aliyenilea. Nilikuwa na umri wa huyo binti. Tulisoma mengi pamoja, na leo siwezi kukutajia somo moja kamili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ninachokumbuka ni siku aliyokuja kwangu mapema, kabla sijatoka kwenda kazini, akasimama akasema, "Jana nilimsema dada fulani vibaya mbele yako. Nimetoka kwake sasa hivi kumwomba radhi. Nawe nisamehe, kwa sababu jana nilikufundisha vibaya." Hakukaa hata dakika tano. Tangu siku hiyo, nikimsema mtu vibaya, miguu yangu inajua pa kwenda.

Basi fanya hivi. Leo, ukishazungumza na mwanao, mpigie binti simu. Simu ya sauti, usimwandikie. Mwambie neno "dharura" halikuwa kweli, kwamba uliona aibu ukamkwepa, na unaomba akusamehe. Mambo ya kijana wako usimsimulie kwa urefu, maana hayo ni yake na ana heshima yake. Inatosha kumwambia kwamba uliyoyasema usiku ule yalikuwa dhambi na kwamba umemwendea mwanao. Usilie sana mpaka yeye aanze kukubembeleza. Nasema hivi kwa upole: ukimfanya abebe majuto yako, utakuwa umemgeuza kuwa mlezi wako wakati yeye ana mzigo wake mkononi.

Maana ana mzigo. "Si la kwenye simu" si maneno ya mtu anayetaka kuuliza swali la somo la 13. Huenda alikuja nao usiku ule wa Jumatano. Fikiria: mtu anayeuliza ruhusa katika kila kitu alikuja bila taarifa. Kitu kilimsukuma. Sijui ni nini, nawe hujui, na tusikisie. Panga siku ya karibu kabisa, ikiwezekana kesho. Mkikutana, mwache aseme. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makuu mno, na hapo walikuwa marafiki wa kweli. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Wewe ni mtu wa aya, naliona katika barua yako, nami nafurahi kwa ajili ya hilo. Siku hiyo usiharakishe kutoa aya. Akinyamaza, nyamaza naye.

Jambo moja nakuonya kwa nguvu. Akikuambia kwanza, "Niahidi hutamwambia mtu," usiahidi. Mwambie utaitunza siri yake kwa heshima yote, ila kama kuna hatari juu ya uhai wake au wa mwingine, au kama kuna anayemdhulumu, mtatafuta msaada pamoja, na utakuwa naye kila hatua. Mtu anayepigwa, anayelazimishwa, au anayefikiria kujiua anahitaji maombi na pia anahitaji wenye ujuzi na mamlaka ya kumsaidia, na anahitaji usalama siku hiyo hiyo. Wapo walezi wa kiroho wazuri walioomba na mtu wakamrudisha pale pale palipokuwa na hatari, kwa nia njema kabisa. Usiwe mmoja wao. Na hapa ndipo mke wa mchungaji anapoweza kuwa baraka kubwa: wewe na yeye pamoja, kwa idhini ya binti. Kumkabidhi ili wewe upumzike ni habari nyingine.

Nimebakiza hili la kukuiga, na la yule kijana anayetaka kumwoa.

Kuigwa si kosa. Paulo aliwaambia Wakorintho wamfuate yeye kama yeye anavyomfuata Kristo, na mtoto mchanga katika imani hana njia nyingine ya kuanza ila kutazama mtu. Lakini Wakorintho hao hao walipoanza kusema "mimi ni wa Paulo", "mimi ni wa Apolo", aliwauliza: "Je! Paulo alisulibishwa kwa ajili yenu?" Binti anapokuuliza kama Mungu amekuonyesha chochote, amekuweka mahali ambapo hukupaswa kukaa, na mahali hapo pana utamu. Naujua utamu huo. Wakati fulani nilimwambia binti mmoja asikubali nafasi aliyopewa mbali, nikamwambia nina ushuhuda moyoni. Alinitii. Miaka ilipita ndipo nilipokubali mbele za Mungu kwamba ushuhuda ule ulikuwa ni mimi tu sitaki aondoke. Nilimtafuta nikamwambia. Alinisamehe, lakini nafasi ile haikurudi.

Kwa hiyo akikuuliza tena, mwambie ukweli: "Sijaonyeshwa kitu. Lakini niambie, wewe umeona nini?" Kisha muulize maswali ambayo mama mwenye akili angeuliza. Kijana huyo akikasirika huwaje? Akikosea, huomba radhi au hutafuta wa kumlaumu? Anawatendeaje watu ambao hawana cha kumpa? Binti anapokuwa naye, anakuwa huru au anapima kila neno kabla ya kulitoa? Majibu anayo yeye. Mwombe Mungu pamoja naye hekima, kisha umwache aamue, hata kama itachukua muda na hata kama moyo wako unapenda jibu fulani. Kama kuna jambo la hatari unaliona kwa macho yako, mwambie kwamba umeliona kwa macho yako. Usilivishe vazi la ufunuo.

Na umpeleke kwa wengine. Priska na Akila walimchukua Apolo wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, na alipotaka kwenda Akaya hawakumshika: ndugu walimwandikia barua ya kumtambulisha, akaenda, akawa msaada mkubwa huko. Yuko dada mwenzake kanisani aliyeokoka baada yake? Mwombe binti aanze kumsaidia huyo, sasa, kabla hajajiona yuko tayari. Atakuja kwako na maswali mapya kabisa, na mengine hutayaweza. Mtayatafuta pamoja.

Unauliza pia kama mmalize masomo manne yaliyobaki muachane kwa amani. Mnaweza kuyamaliza, sioni haraka. Yakikaa mwezi hayataharibika. Ila sikuelewa neno "tuachane". Huyu kwao ni peke yake katika imani, na amekuita Mama.

Kijana wako kwanza, halafu simu. Nawaombea ninyi watatu kwa pamoja usiku huu.